Nyaya nne ukutani na chumba cha Mama: jibu kuhusu kuchagua thamostati

SWALI: Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, familia ya watu sita, katika nyumba ya miaka ya 1970 yenye vyumba vya juu na vya chini. Inapashwa kwa tanuru la gesi, ina kiyoyozi kimoja cha nyumba nzima, na ukutani kuna thamostati (kifaa cha kuamuru joto la nyumba) ya zamani ya mviringo yenye nyaya nne. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku zinazobadilika kila baada ya wiki mbili, na mume wangu ni dereva wa lori. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, aliyekuja kutoka Mombasa, hushinda nyumbani. Analala chumba cha chini na kila siku analalamikia baridi, kwa hiyo tunaweka nyuzi 73 za Fahrenheit, naye akipita koridoni huzungusha hadi 78. Dukani muuzaji amenishauri ninunue thamostati ya dola 280 inayojifunza yenyewe, akadai itarudisha gharama yake kwa majira ya baridi moja. Kaka yangu aliyeko Atlanta anasema nisisumbuke, kwa sababu kushusha joto usiku na kulipandisha asubuhi hula fedha nyingi zaidi. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, kwanza shikamoo yangu imfikie Bi Mkubwa, kwa maana nimelisoma swali lako mara mbili na kila mara nimeona kwamba thamostati hii inatafutwa kwa ajili yake kuliko kwa ajili yako au ya mumeo. Ninafunga na kutengeneza matanuru, viyoyozi na pampu za joto hapa Minnesota kwa mwaka wa 14 sasa, na maswali mengi ninayoletewa huanza na jina la kifaa kilichoonekana dukani. Lako limeanza na nyumba, nyaya na watu. Nitafuata mpangilio wako, ingawa nyaya nitaziacha kidogo, kwa sababu katika nyumba yako tatizo kubwa haliko kwenye nyaya.

Thamostati haitoi joto. Ni swichi iliyounganishwa na kipimajoto, basi. Tanuru lako lina transfoma ndogo inayopunguza umeme wa volti 120 hadi volti 24, na umeme huo hupanda hadi koridoni kupitia waya unaoingia kwenye alama R. Koridoni kukipoa kuliko nyuzi ulizoweka, thamostati huunganisha R na W, na tanuru huwaka. Wakati wa kiangazi huunganisha R na Y ili kompresa ya kiyoyozi ianze. Na R na G zikiungana, feni hupuliza. Kazi hiyo haijabadilika kwa zaidi ya karne moja, na kwa bahati nzuri unaishi jirani na mahali ilipoanzia, kwani ni katika mji wa Minneapolis ambako mhamiaji kutoka Uswisi, Albert Butz, alibuni mwaka 1885 chombo cha kufungua na kufunga kilango cha hewa cha tanuru la makaa kufuatana na joto la chumba. Kampuni yake, baada ya kubadili mikono na kuungana na nyingine mwaka 1927, ndiyo iliyokuja kuitwa Minneapolis-Honeywell, na thamostati ya mviringo iliyoko ukutani kwako huenda ikawa mzao wa ile waliyoanza kuiuza mwaka 1953, iliyosanifiwa na mbunifu wa vifaa Henry Dreyfuss. Nimezikuta nyingi zenye umri kunizidi mimi, na bado zinafanya kazi.

Kwa kuwa ni swichi inayofuata kipimajoto, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu thamostati yoyote, ya dola 30 au ya dola 280, ni kwamba inapima joto la mahali gani. Yako inapima korido ya juu. Joto hupanda, jiko liko juu, watoto wako juu, na pengine jua la alasiri huingia dirishani na kuugonga ukuta huo. Chumba cha Mama kiko chini, nusu yake ikiwa ndani ya udongo unaoganda kuanzia Desemba. Korido ikifika nyuzi 73 za Fahrenheit, yaani karibu 23 za Selsiasi, tanuru huzimika likiamini limemaliza kazi, wakati huko chini huenda kuna nyuzi 67. Mama hakosei anaposema kuna baridi. Anakosea mahali pamoja tu: anapozungusha hadi 78 akitarajia joto lije upesi zaidi. Nyaya zako nne zina W moja, maana yake tanuru linaamriwa kuwaka au kuzimika, na halina amri ya kuwaka kwa nguvu zaidi. Uweke 74 au 78, moto ni ule ule, isipokuwa kwa 78 utawaka muda mrefu kupita haja, ninyi wa juu mtafungua madirisha, na gesi mliyolipia itatoka nje kuwapasha moto majirani.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, nunua vipimajoto viwili vya bei nafuu, kimoja ukiweke kando ya kitanda cha Mama na kingine chini ya thamostati, kisha uandike vipimo asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu za baridi. Tofauti ikiwa nyuzi mbili au tatu, kihisi cha chumbani, ambacho nitakieleza hivi punde, kitaimaliza. Ikiwa ni nyuzi sita au zaidi, hakuna thamostati duniani itakayokutosheleza, kwa sababu hewa ya moto haifiki chini kwa wingi unaotakiwa. Hapo nenda kwenye tanuru ubadilishe filta, kwani filta iliyoziba hupunguza hewa ya nyumba nzima na chumba kilicho mwisho wa bomba ndicho huumia kwanza. Angalia kama tundu la hewa la chumbani kwake liko wazi na halijafunikwa na kitanda au zulia. Fuata mabomba ya hewa huko chini, na mara nyingi utaona kishikizo cha chuma pembeni ya bomba, ambacho ni cha kilango cha ndani. Vile vinavyopeleka hewa juu vifunge kidogo, kama robo, uone hewa nyingi zaidi ikielekea chini. Usiyafunge matundu mengi kabisa, kwa maana tanuru hupata joto la kupita kiasi likikosa pa kusukumia hewa. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamebadilisha thamostati mara tatu kwa miaka miwili, na tatizo lilikuwa bomba la chumba cha mzee lililochomoka kwenye kiungo na kumwaga joto lote kwenye dari ya chini. Nililirudisha kwa skrubu tatu na utepe wa foili.

Sasa nije kwa kaka yako wa Atlanta, ambaye hakukudanganya, ila alikuwa akizungumzia nyumba yake.

Chukua ndoo iliyotoboka pembeni kuanzia chini hadi juu. Maji yakiwa mengi, yanavuja kwa kasi, na yakipungua, yanavuja polepole. Ukitaka ndoo ibaki imejaa usiku kucha, itakubidi ujazie maji yote yaliyovuja kwa ile kasi kubwa. Ukiyaacha yashuke hadi nusu, kisha alfajiri ukajaza tena, utaongeza maji mengi kwa mkupuo, lakini jumla yake itakuwa ndogo kuliko ya yule aliyejazia usiku kucha. Nyumba hupoteza joto kwa namna hiyo hiyo, kulingana na tofauti ya joto la ndani na la nje. Kwa nyumba yenye tanuru la gesi, kushusha joto kwa saa kadhaa hupunguza matumizi siku zote. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba anayeshusha nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa 8 kila siku anaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka ya gharama za kupasha na kupoza nyumba, na kipimo cha haraka tunachotumia sisi mafundi ni karibu asilimia moja kwa kila uzi mmoja unaoshushwa kwa saa 8.

Pampu ya joto, ambayo nyumba nyingi za Georgia, jimbo la kaka yako, zinayo, ina tabia tofauti. Haichomi kitu, huvuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, na kwa kila kipimo kimoja cha umeme inaweza kuleta vipimo viwili, vitatu au zaidi vya joto, maadamu baridi ya nje si kali sana. Pembeni yake huwekwa koili za umeme za akiba, ambazo kwa kipimo kimoja cha umeme hutoa kipimo kimoja tu cha joto. Kaka yako akishusha joto nyuzi 8 usiku, saa kumi na mbili asubuhi thamostati ya kawaida itaona pengo kubwa, iiite pampu pamoja na koili, na alichookoa usiku kikaliwa na koili kwa dakika arobaini. Ndiyo maana anayenunua thamostati kwa ajili ya pampu ya joto hana budi kuchagua ile inayoweza kuzizuia koili zisiwake mpaka nje kufikie baridi fulani, na inayoanza kupandisha joto mapema, kidogo kidogo, kwa pampu peke yake. Ushauri wake ubakie Atlanta. Hata hivyo uhifadhi kichwani, kwa sababu tanuru lako likifa siku moja na mkaamua kuweka pampu, thamostati utakayonunua leo inafaa iwe na uwezo wa kuiongoza.

Nimrudie muuzaji. Anakuuzia thamostati inayojifunza, yaani inayochunguza kwa wiki moja au mbili jinsi mnavyoizungusha, kisha ikajipangia ratiba. Kwa mtu anayetoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki, ni kifaa kizuri. Wewe zamu zako hubadilika kila baada ya wiki mbili. Ikimaliza kujifunza kwamba Jumanne mchana umelala, Jumanne hiyo umekwisha kupangiwa kazi, na juu ya hayo kuna mkono wa Mama unaoifundisha kila siku kwamba familia hii inapenda nyuzi 78. Nisingependa kifaa kijifunze hilo.

Kipengele kingine kinachosifiwa sana ni kile cha thamostati kufuatilia simu zenu, ili mkitoka wote ishushe joto yenyewe na mkikaribia nyumbani ilipandishe. Hapa nakuonya kwa msisitizo, dada. Wewe uko hospitali, mumeo yuko njiani Iowa, watoto wako shuleni, na simu zote zilizosajiliwa ziko mbali. Mama hana programu hiyo kwenye simu yake. Thamostati itahesabu nyumba kuwa tupu na kushusha hadi nyuzi 62, wakati chini kuna mtu wa miaka 74. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani inashauri nyumba ya mtu mzima wa umri huo isipungue nyuzi 68 hadi 70 za Fahrenheit, yaani 20 hadi 21 za Selsiasi, na inatahadharisha kwamba hata nyuzi 60 hadi 65 zinaweza kushusha joto la mwili wa mzee hadi kiwango cha hatari bila yeye kutambua. Kipengele hicho kizime siku ile ile ya kufunga thamostati, na nyumbani kwako kisiwashwe kamwe.

Hapo utaona kwamba njia kuu mbili ambazo thamostati hizi hutumia kuokoa fedha, yaani kujifunza ratiba na kutambua nyumba tupu, kwako hazina kazi. Nyumba yako haiwi tupu na ratiba yako haijirudii. Mpango wa Energy Star, unaosimamiwa na serikali ya Marekani, unakadiria kuwa thamostati janja iliyothibitishwa huokoa kwa wastani karibu asilimia 8 ya gharama za kupasha na kupoza. Tuchukue kwamba wastani huo ungekuhusu: ili asilimia 8 iwe dola 280, gharama zako zingepaswa kuwa dola 3,500 kwa mwaka. Zitazame bili zako za gesi na umeme, kisha umwulize muuzaji alihesabu nyumba ya nani.

Tena hao hao Energy Star wana historia inayofaa kukumbukwa dukani. Kwa miaka mingi walitoa nembo yao kwa thamostati za ratiba, zile za kupanga saa na nyuzi za kila siku, na mwishoni mwa mwaka 2009 wakaisitisha, kwa sababu ilikuwa imebainika kwamba nyumba nyingi zilizofungiwa thamostati hizo hazikuwa zikitumia nishati kidogo kuliko nyingine. Chombo kilikuwa sawa. Watu ndio waliobonyeza kitufe cha kushikilia nyuzi zile zile na kuacha ratiba isifanye kazi, kwa kuwa kupanga ratiba kulikuwa kama kutegua kitendawili kwenye kioo kidogo kama stempu. Mimi mwenyewe hupenda kumtazama mteja akijaribu kubadilisha ratiba dukani kabla hajalipa. Akishindwa kwa dakika tano, hiyo si thamostati yake.

Basi unahitaji nini? Unahitaji thamostati yenye vihisi vya chumbani. Hivi ni vijidude vidogo visivyo na nyaya, vinavyotumia betri, ambavyo unaviweka chumba unachokitaka, navyo huitumia thamostati habari za joto la pale. Kampuni ya ecobee ya Toronto ndiyo iliyovifanya vijulikane majumbani, na siku hizi Honeywell Home na Google Nest nao wanavyo kwa baadhi ya matoleo. Kwa vihisi hivyo utaamuru kwamba kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi nyumba ifuate joto la chumba cha Mama, mchana ifuate wastani wa chumba chake na sebule, na ukirudi kutoka zamuni uongeze chumba chako kwa kugusa simu. Angalia kwa makini jambo hili unaponunua, kwani kuna thamostati zinazouza vihisi lakini hukuruhusu kuchagua kimoja tu kwa wakati mmoja, na nyingine hufanya wastani wa vile vilivyochaguliwa. Kwako, hii ya pili ndiyo bora.

Hata hivyo kihisi hakigawi joto. Ukiiambia nyumba ifuate chumba cha Mama na kumfikishia nyuzi 70, tanuru litaendelea kuwaka mpaka chini kufike 70, na juu huenda kukawa 74. Ndiyo sababu nimekupeleka kwanza kwenye filta na vilango vya mabomba. Ukipunguza pengo kwa mikono yako, kihisi kitamalizia kilichobaki, na hapo utaweza kuishi na nyuzi 70 badala ya 73. Nyuzi tatu kwa saa zote 24, kwa kile kipimo cha mafundi, ni karibu asilimia 9 ya gesi ya kupashia. Ikiwa unatumia, kwa mfano, dola 1,100 kwa mwaka, hiyo ni kama dola 99, nazo zimetokana zaidi na bomba na mahali pa kupimia kuliko na akili ya kifaa.

Jambo la pili unalohitaji ni uwezo wa kuweka mipaka. Thamostati nyingi za siku hizi huruhusu mwenye nyumba kuamua kwamba mtu wa ukutani asiweze kupita, tuseme, nyuzi 72 kwenda juu na 68 kwenda chini. Zipo pia za kufungwa kabisa kwa namba ya siri, lakini sikushauri umfungie mama yako kifaa kwa namba ndani ya nyumba anayolelea wajukuu zake. Mwachie aongeze uzi mmoja au miwili, aone namba ikipanda na asikie tanuru likianza. Kwa sababu hiyo hiyo chagua yenye namba kubwa zinazosomeka bila miwani, na yenye kitu cha kuzungusha au kubonyeza, maana mtu aliyezoea swichi haifurahii programu ya simu.

Sasa nyaya. Fungua kifuniko cha thamostati ya zamani baada ya kuzima umeme wa tanuru, upige picha kabla hujagusa kitu, na usome herufi ya mahali kila waya uliposhikwa, kwa kuwa rangi ni mazoea tu na waliotutangulia hawakuyafuata kila mara. Kwa kawaida R ni nyekundu, W nyeupe, Y ya njano, G ya kijani. Ukikuta nyaya mbili nene zilizofungwa kwa vifuniko vya plastiki, simama hapo hapo, kwani hizo ni za volti 120 au 240 za hita za umeme za ukutani, na thamostati ya volti 24 ukiifunga pale itaungua na huenda ikachoma na ukuta. Kwako, kwa maelezo yako, sivyo. Kinachokosekana kwako ni waya wa tano, C, ambao hurudisha umeme kwenye transfoma ili thamostati yenyewe ipate nguvu mfululizo. Ile ya mviringo haikuhitaji umeme wa kwake. Yenye Wi-Fi na kioo kinachong'aa inauhitaji.

Kuna watengenezaji wanaosema vifaa vyao havihitaji C. Baadhi hutumia betri za kawaida, na hizo hazina neno, ukikumbuka kuzibadilisha. Baadhi hujichaji kwa kudokoa umeme kidogo kupitia nyaya za Y au W wakati vifaa vimezimwa, na hapo ndipo nimeitwa mara nyingi usiku wa Januari: betri ya ndani imekwisha, kioo kimezimika, tanuru liko kimya, nje kuna nyuzi 20 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani karibu 29 chini ya sifuri za Selsiasi. Katika baridi ya aina hiyo mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka kabla hujarudi kutoka zamuni. Kwa Minnesota mimi sifungi thamostati janja bila C au betri za kubadilishwa, hata mteja akinihakikishia kwamba ya shemeji yake inafanya kazi.

Kuupata waya huo kuna njia tatu, na ya kwanza ni ya bure. Vuta kwa upole kile kifungu cha nyaya kinachotoka ukutani. Mara nyingi huwa na waya wa tano, wa buluu, uliokunjwa nyuma kwa sababu aliyefunga hakuuhitaji. Ukiwepo, uunganishe kwenye C hapa na kwenye C ya bodi ya tanuru kule chini. Usipokuwepo, baadhi ya thamostati, zikiwemo za ecobee za daraja la kati na la juu, huja na kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya tanuru na kuzifanya nyaya nne zitende kazi ya tano. Kimetengenezwa hasa kwa hali kama yako. Njia ya tatu ni kupitisha kebo mpya yenye nyaya tano au zaidi, na kwa nyumba ambayo tanuru liko chini ya ukuta huo huo, fundi huimaliza kazi hiyo kwa saa moja au mbili. Kuna watakaokushauri uuchukue waya wa G uufanye C. Inawezekana, ila utapoteza uwezo wa kuwasha feni peke yake, na kwenye nyumba yenye juu moto na chini baridi feni hiyo ni rafiki yako, kwa sababu dakika kumi au kumi na tano za kuzunguka hewa kila saa husaidia kuchanganya joto la juu na la chini.

Na usiseme, "Nitaziunganisha umeme ukiwepo, ni volti 24 tu." Mimi, fundi mwenye leseni, niliwahi kufanya hivyo nyumbani kwangu usiku wa Jumamosi, R ikagusa C kwa nukta moja, na fyuzi ndogo ya bodi ya tanuru, ya bei ya soda, ikakatika. Maduka yalikuwa yamefungwa. Tulilala na makoti, na mke wangu hajalisahau.

Kuhusu bei na majina, nyumba yako haihitaji ya dola 280. Za dola 30 hadi 60 za ratiba tu, bila intaneti, zingekutosha kama Mama angelala juu. Za dola 80 hivi zenye Wi-Fi ni nzuri lakini nyingi hazina mpangilio mzuri wa vihisi. Ningetafuta ya kati, kati ya dola 150 na 200, yenye kisanduku cha kuongezea waya ndani ya boksi, pamoja na kihisi kimoja au viwili. Kabla ya kulipa, tembelea kurasa za kampuni zenu za umeme na gesi, kama ni Xcel Energy na CenterPoint Energy, uone kama wana marejesho ya fedha kwa wanaonunua thamostati janja, kwani viwango hubadilika na mara nyingine toleo linalokubalika hutajwa kwa jina. Baadhi ya marejesho huambatana na makubaliano kwamba alasiri za joto kali za kiangazi kampuni ya umeme inaweza kupandisha nyuzi za kiyoyozi chako kwa saa chache. Kwa Mama wa Mombasa hilo halitakuwa adhabu, lakini wewe uliyelala mchana baada ya zamu huenda ukaamka umelowa, kwa hiyo soma kama unaruhusiwa kukataa siku moja moja.

Uliza pia kifaa kitafanya nini intaneti ikikatika. Kizuri huendelea na ratiba yake na huongozwa kwa mkono pale ukutani. Oktoba 2025 Google ilisitisha huduma ya mtandao kwa thamostati zake za Nest za kizazi cha kwanza na cha pili, zilizotoka mwaka 2011 na 2012. Ziliendelea kupasha nyumba, lakini wenye nazo hawakuweza tena kuziongoza kwa simu. Tanuru huishi miaka 15 hadi 20, programu ya simu haina ahadi hiyo, na kadiri sehemu kubwa ya bei inavyolipia programu ndivyo ninavyositasita.

Ratiba ya kuanzia ninayokupendekezea ni nyuzi 70 mchana na jioni, na 68 kuanzia saa nne usiku, vyote vikipimwa chumbani kwa Mama, bila kujifunza na bila kufuatilia simu. Kaa nayo wiki mbili, mwulize yeye, kisha ongeza au punguza uzi mmoja mmoja. Kihisi chake kiwekwe kwenye ukuta wa ndani, kimo cha kifua, mbali na tundu la hewa, dirisha na taa ya kando ya kitanda, vinginevyo kitaisomea thamostati joto la taa.

La mwisho ni hiyo ya mviringo. Ikiwa ndani yake utaona kichupa cha kioo chenye tone linalong'aa kama fedha, hiyo ni zebaki, na sheria ya Minnesota hairuhusu itupwe kwenye taka za nyumbani. Iweke wima kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, watoto wasiichezee, na uipeleke kwenye kituo cha kaunti ya Hennepin cha kupokelea taka za hatari, ambacho kwa bahati kiko hapo hapo Brooklyn Park, kando ya barabara ya Jefferson Highway.